Kuku Hawamo Katika Hesabu ya Ayubu

Masomo ya wiki: Ayubu 1:1–22, Ayubu 2:11–13, Luka 13:31–35



Aliyeandika kitabu cha Ayubu alipenda hesabu. Anatutajia kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe na punda majike 500, kisha anatusimulia jinsi vyote vilivyokwisha kwa siku moja, mjumbe mmoja akiingia kabla mwenzake hajamaliza kusema. Kuku hamtaji. Simlaumu, huenda katika nchi ya Usi hawakufugwa. Lakini sisi tuko Singida, ambako tenga la kuku linalosafirishwa kwenda Dar es Salaam halimshangazi mtu, na tunazo nyumba nyingi zisizo na kondoo hata mmoja. Siku ya Ayubu ikifika katika nyumba hizo, huanzia bandani.

Mnaijua inavyokuja. Asubuhi mama anafungua banda, kuku wanatoka mbio kama kawaida, ila tetea mmoja anabaki nyuma amejikunyata, manyoya yamesimama, mbawa zimeshuka. Kinyesi chake ni cha kijani. Mama anamtazama na moyo unaruka, maana ameshaona hayo mwaka juzi. Kesho yake ni watatu, na mmoja anahema akiwa amefungua mdomo. Baada ya hapo shingo zinaanza kupinda, kuku anazunguka mahali pamoja asijue aendako. Huo ni mdondo, wengine wanauita kideri. Katika banda ambalo halijachanjwa unaweza kufagia karibu kuku wote, na kwa siku chache tu. Watu hukimbilia shubiri, pilipili iliyopondwa, maji ya mwarobaini, au vidonge walivyobakiza kabatini. Sisemi kwa kejeli. Mtu anayeona mali yake ikianguka mbele ya macho yake atashika chochote kilicho karibu. Ila ukweli ni kwamba mdondo ni ugonjwa wa virusi na hauna tiba. Kuku akishaugua, cha kufanya ni kumtenga na wenzake, na akifa azikwe mbali au achomwe.

Tuulize basi kilichokufa ni nini.

Katika maboma mengi ya huku kwetu ng'ombe ni wa baba. Hauzwi mpaka baba aseme, na fedha yake hupita mkononi mwa baba. Kuku ni wa mama, na wawili watatu ni wa watoto, kila mmoja akimjua wake kwa rangi. Mwalimu akidai madaftari, kuku anauzwa. Mtoto akipata homa usiku, nauli ya bodaboda kwenda zahanati inatoka kwa kuku. Mgeni akishuka bila taarifa, jogoo anafukuzwa uani, na kama kuna Waislamu katika ugeni ule, jirani wa upande wa pili anaitwa aje kuchinja, tunakula pamoja. Mama huyu haombi ruhusa wala hasubiri kikao. Kuku ndiyo mali pekee ambayo neno lake juu yake ni la mwisho.

Na mali hiyo haikuja kwa mzaha. Kuku wa kienyeji akikazana hutaga mayai 12 au 15, kisha anaatamia siku 21, amekonda, anatoka mara moja kunywa maji na kurudi. Mayai mengine yatakuwa viza. Vifaranga wakitoka 10, mwewe anachukua wake, paka wa jirani wake, mvua ya usiku mmoja nayo inachukua. Wakikua wanne watano, nyumba inashukuru. Hesabu hiyo ikijirudia mara tatu kwa mwaka, ukatoa waliouzwa na walioliwa, utaona kwamba kuku 20 wanaochakura uani ni kazi ya miaka. Mdondo unawamaliza ndani ya wiki moja.

Sasa angalieni tunavyofanya. Ng'ombe wa mzee fulani akifa, hata kwa kuumwa na nyoka, habari inafika kisimani kabla ya saa nne. Wanaume wanakwenda, wanakaa, wanatoa pole, wanasaidia kuchuna. Kuku 20 wa mjane wakifa, tunasema, "Ah, kuku tu hao." Nimeyasikia maneno hayo hata baada ya ibada, tena kutoka kwa watu waliokuwa wametoka kupokea Meza ya Bwana. Mwenyewe naye, kwa aibu, huyarudia: "Walikuwa kuku tu, Mchungaji, Mungu ametuepushia makubwa." Halafu anageuza uso. Mtu anayeona haya kulilia kilichompotea, kwa sababu wenzake wamekwisha kuamua kwamba ni kidogo, amebebeshwa mzigo wa pili.

Marafiki wa Ayubu wamesemwa vibaya sana madhabahuni, na walistahili. Lakini kwanza walifanya jambo moja jema mno. Waliposikia, kila mmoja alitoka kwake, wakakutana, wakaenda wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, hakuna aliyesema neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu, maana walianza kutafuta kosa la mwenye msiba. Kwetu mahubiri yao ni mafupi zaidi: "Kwani hukuchanja?" Huenda ni swali la haki. Lakini usimuulize mama huyo siku anapobeba mizoga kwa beseni. Siku hiyo nenda ukachimbe shimo. Swali la chanjo lina siku yake, na nitalifikia.

Kabla ya hapo tukasome Luka 13. Mafarisayo wanamwambia Yesu aondoke, Herode anataka kumwua. Bwana anamwita Herode mbweha. Mistari miwili tu mbele, akiulilia Yerusalemu, anajitaja yeye mwenyewe kuwa kama kuku anayewakusanya vifaranga wake chini ya mbawa. Ni nani kati yetu asiyejua mambo ya mbweha na kuku? Angeweza kujiita simba, Maandiko yalikuwa na simba tayari. Angeweza kujiita tai. Akachagua mnyama ambaye, mbweha akiingia usiku, hana kucha za kumshinda wala mbawa za kumpeleka mbali. Alichonacho ni mwili wake tu, na anauweka juu ya watoto.

(Kuna kile kisa cha banda lililoungua, kuku akakutwa amekuwa mkaa na vifaranga wake hai chini yake. Wahubiri wanakipenda. Mimi sikihitaji. Inatosha kumwangalia koo yeyote pale kivuli cha mwewe kinapopita juu ya uwanja: anatoa ile sauti yake nzito, vifaranga wote wanapotea chini yake, na yeye anabaki ametanua mbawa, macho juu.)

Mtu hawezi kusema maneno yale asipokuwa amewahi kukaa uani na kutazama. Bwana wetu aliwaona kuku wa watu na akawaona kuwa wanafaa kubeba neno zito kama lile, neno la mtu anayeelekea msalabani. Basi sisi tunaomhubiri tunapata wapi ujasiri wa kusema "kuku tu"? Katika sura iliyotangulia, Luka 12, alikwisha kutaja shomoro wanaouzwa watano kwa senti mbili. Mathayo anasema wawili kwa senti moja. Mwenye kuzoea soko ataona mara moja kwamba shomoro wa tano ni wa nyongeza, hana bei. Na huyo pia, Bwana anasema, Mungu hamsahau.

Nije sasa kwenye jambo ambalo halitawapendeza wote.

Mdondo hauji na upepo, ingawa ndivyo tunavyosema kwa kuwa hupenda miezi ya vumbi na upepo, kabla mvua hazijaanza. Mara nyingi unaletwa na sisi. Mtu akiona kuku wawili wamejikunyata anafanya haraka: waliobaki anawatia kwenye tenga na kuwakimbiza mnadani kabla hawajaanguka. Mnunuzi anamfikisha kuku nyumbani, na baada ya siku chache kijiji kingine kinalia. Aliyeuza amepata fedha ya chumvi na sabuni, na aliyenunua amepoteza banda zima. Hili ni dhambi, wapendwa, hata kama umaskini ndio uliosukuma. Vivyo hivyo kutupa manyoya na matumbo ya kuku mgonjwa njiani, mbwa wakayasambaza.

Wazee wetu walikuwa na busara fulani. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, walisema, na sisi tumeichukua methali hiyo tukaitumia kwa watu tu, tukasahau kuku mwenyewe. Wataalamu wa mifugo wanashauri kuku mpya atengwe kama wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wengine. Mfungeni kamba basi, mbali na banda.

Hata sisi kanisani hatuna mikono safi. Mnada wetu wa baada ya ibada ni furaha kubwa: jogoo wa sadaka ananunuliwa, anarudishwa, ananunuliwa tena, mwishoni anakabidhiwa bibi mmoja asiye na kitu, na wote tunapiga makofi. Lakini jogoo yule ametoka banda gani? Tukimpa bibi yule jogoo mwenye mdondo, tumempokonya hata wale watatu aliokuwa nao. Kuanzia sasa nawaomba wazee wa kanisa wasipokee kuku wa sadaka anayetoka nyumba yenye ugonjwa. Mwenye nyumba hiyo alete maombi yake, sadaka italetwa siku nyingine, na mtu asimtazame vibaya.

Na chanjo. Ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1926, huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, ambao jina lake ndilo waganga wa mifugo wanalolitumia mpaka leo. Kwa hiyo si jambo geni, na kinga yake ipo. Chanjo ya I-2, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Australia, inatengenezwa hapa hapa nchini, na inavumilia joto kuliko zile za zamani, ingawa nayo haitaki jua wala kuwekwa ovyo. Ni tone moja katika jicho moja. Kifaranga tone moja, jogoo tone moja. Inarudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Apewe kuku mzima, maana haimponyi aliyekwisha kuugua, na kinga huchukua wiki moja au mbili kujengeka. Anayengoja mpaka asikie kilio cha jirani amechelewa.

Kwa nini basi mabanda hayachanjwi? Uzembe upo, sikatai. Lakini nimegundua kuna sababu nyingine inayotuhusu sisi kama usharika. Chupa ya chanjo hutengenezwa kwa kuku wengi, mia moja, mia mbili, na ikishachanganywa lazima itumike siku ile ile. Mama mwenye kuku wanane afanye nini nayo? Anunue chupa ya kuku mia, atumie matone manane, mengine amwage? Anaona hasara, anaacha. Jirani yake mwenye kuku sita naye anaacha, na wa tatu, na wa nne. Kwa bei ya chupa moja wangeokoka wote. Tunasali benchi moja, kisha kila mtu anarudi kupoteza kuku wake peke yake.

Daudi alipoletewa na nabii Nathani habari ya maskini mwenye mwanakondoo mmoja, aliyemlea pamoja na watoto wake na kumlisha chakula chake mwenyewe, kisha tajiri akamnyang'anya, hasira ilimpanda, akataka malipo mara nne. Hakusema "ni mwanakondoo tu". Alikuwa mfalme mwenye dhambi nzito siku ile, na bado aliijua thamani ya mnyama mmoja wa maskini.

Kwa hiyo Jumapili ijayo, baada ya ibada, kila mzee wa mtaa atakuwa na daftari chini ya mti. Tajeni idadi ya kuku mlio nao, vifaranga wakiwemo, na msione haya kusema wawili au mmoja. Majirani Waislamu na wasio na dini waalikeni pia, kwa sababu mdondo hauulizi dini, na banda lao lisipochanjwa letu halina usalama. Tutagawana bei ya chupa kwa kadiri ya kuku. Wasio na uwezo, mfuko wa diakonia utawalipia. Akina baba wenye ng'ombe, nawaomba muongeze kidogo juu ya sehemu yenu. Mtaalamu wa mifugo wa kata ataombwa atusimamie, na kazi ifanyike asubuhi na mapema, kuku wakiwa bado bandani. Vijana, mje mshike kuku, wazee hawawezi kukimbizana nao.

Na kama kuna nyumba iliyokwisha kupoteza kuku wake mwaka huu, tupeni jina lake wiki hii, tuende tukaketi nao.