Gome Chungu, Bamba Jeupe

Mti wa sinkona asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, lakini umekubali pia udongo wa Usambara na wa Kivu, ambako magome yake hupelekwa Bukavu kutengenezwa kwinini. Anayelilamba gome hilo hapati ladha, anapata adhabu. Ulimi huishia kwenye uchungu. Kumbe humo ndani Muumba ameweka dawa nyingi, na nne ndizo kuu: kwinini, kwinidini, sinkonini na sinkonidini.

Tazama mbili za kwanza. Molekuli ya kwinini ina atomi 20 za kaboni, 24 za haidrojeni, 2 za naitrojeni na 2 za oksijeni. Ya kwinidini ni hivyo hivyo, haikupungua wala kuzidi. Mpangilio ndio unaopishana, tena mahali pawili tu. Kwa tofauti hiyo, kwinini ikapata sifa kwa malaria, na kwinidini, ingawa nayo humuua kimelea wa ugonjwa huo, ikatumika miaka mingi kurekebisha mapigo ya moyo yanayokwenda mrama. Subhana!

Utazitenganishaje? Ziache zitembee.

Bamba la kioo hupakwa silika, utando wa robo milimita hivi. Tone la dawa huwekwa karibu na ukingo wa chini, kisha bamba husimamishwa katika chombo chenye kiyeyushi kidogo. Kiyeyushi hupanda chenyewe, kama mafuta ya taa yapandavyo utambi wa kibatari, kikiibeba dawa. Njiani silika inaishika, kiyeyushi kinaivuta, na kila dawa hufika pale ilipokadiriwa. Mulika kwa miali ya urujuanimno: doa la kwinini, likiguswa na asidi, hung'aa samawati. Rangi hiyo ilikuwamo siku zote ndani ya gome la kahawia.

Mlango huu ulifunguliwa na mtaalamu wa mimea, Mikhail Tsvet, aliyeeleza njia yake Warsaw mwaka 1903. Alipitisha rangi za majani mabichi, zilizoyeyushwa katika kiyeyushi, kwenye unga wa chaki ndani ya bomba la kioo, na kijani tunachokiona kuwa kimoja kikagawanyika kuwa mikanda ya kijani na manjano. Wenzake wengi hawakumjali, akafariki mwaka 1919. Mwaka 1938, huko Kharkiv, Nikolai Izmailov na Maria Shraiber wakaitandaza njia hiyo juu ya kioo, wakitafuta namna nyepesi ya kupima dawa za mimea.

Leo wakaguzi wa dawa, Tanzania wakiwamo, hubeba vifaa hivyo sandukuni. Kidonge kinachoshukiwa hupandishwa sambamba na dawa halisi. Kikiwa cha wanga au chaki, upande wake hubaki mtupu. (Chaki ileile iliyomfumbulia Tsvet siri za jani!) Doa likififia, kipimo kimepunjwa. Bamba halitoi hesabu kamili. Hiyo ni kazi ya mashine kubwa zinazosukuma kiyeyushi kwa shinikizo kali. Mashine hizo ndizo huonyesha kwamba hata kwinini safi ya dukani mara nyingi ina dihidrokwinini kidogo, nduguye mwenye atomi 2 za haidrojeni zaidi, anayetoka katika gome lilelile. Vitabu rasmi vya dawa vinamruhusu, ila kwa kiwango.