Swichi ya Taa na Dhamiri ya Dereva

Magari mengi ya safari ndefu hufungwa taa za ziada mbele ya bampa, na sioni sababu ya kumlaumu mwenye gari. Nje ya miji barabara zetu nyingi ni giza tupu, na katika giza hilo hupita mtu kwa miguu, baiskeli isiyo na taa, ng'ombe, na pengine lori lililoharibika likaachwa na matawi ya miti kuwa ndiyo alama yake. Anayetaka kuona mbali anataka kuokoa maisha. Swali langu basi si kama taa hizo zifungwe. Swali ni hili: swichi yake ipate umeme kutoka wapi?

Fundi hodari hapitishi umeme wote wa taa katika swichi ya dashibodi. Taa mbili za wati 55 kila moja, kwa betri ya volti 12, hutumia zaidi ya ampea 9, na umeme huo huweza kuunguza swichi ndogo na waya wake mwembamba. Kwa hiyo hufunga rilei. Waya mnene hutoka kwenye betri, hupitia fyuzi ya ampea 15 iliyo karibu na betri hiyo, huingia kwenye rilei katika mguu namba 30 na kutokea namba 87 kwenda kwenye taa. Miguu namba 85 na 86 ni ya koili: mmoja huungwa kwenye bodi ya gari, mwingine kwenye swichi. Kidole cha dereva huamrisha umeme mdogo, nao umeme mdogo huamrisha mkubwa.

Swichi yenyewe inaweza kulishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutoka kwenye betri moja kwa moja. Hapo taa za ziada huwaka wakati wowote dereva apendapo, hata akiwa ameinamisha taa kubwa. Ya pili ni kutoka kwenye waya wa taa kali, zile ziitwazo "fulu". Hapo dereva anaweza kuzizima taa za ziada apendapo, lakini hawezi kubaki nazo baada ya kuinamisha. Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa kuhusu taa za magari hutaka hivyo: taa kali zote zizimike kwa pamoja.

Wako watakaosema kuwa njia ya kwanza ndiyo ya mtu huru. "Mimi si mtoto, nitazima mwenyewe." Hoja hii haifai kupuuzwa. Sisi tuliofundisha walimu twajua kwamba mwanafunzi anyamazaye kwa sababu mwalimu wa zamu yuko dirishani hajajifunza nidhamu. Amejifunza kuchungulia dirisha. Je, wema unaolazimishwa na waya ni wema?

Lakini tuutazame usiku ulivyo. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Aliyepofushwa kwa sekunde 2 amekwenda mita 44 bila kuona, na macho ya mzee huchelewa zaidi kurudi. Aliyempofusha hajulikani, sura haionekani, namba ya gari haisomeki. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Jamhuri imo hadithi ya pete inayomfanya mvaaji asionekane, na swali kama mtu huyo ataendelea kutenda haki. Dereva wa usiku ameivaa pete hiyo. Tena mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: hulaani taa za mwenzake, kisha husema, "Hakuzima, nami sizimi." Adhabu hiyo humpofusha mtu yule yule ambaye uhai wako unategemea macho yake.

Kwa hiyo naichagua njia ya pili. Uamuzi hufanywa mchana, gereji, akili ikiwa imetulia, kwa ajili ya mtu atakayekuwa amechoka na kukasirika saa nane za usiku. Ajuaye udhaifu wake akajifunga mapema hakuupoteza uhuru wake, ameutumia.

Wala waya hauimalizi kazi ya dhamiri, kwa kuwa ni mkono wa dereva bado unaoinamisha taa. Mtazame anapokutana na basi: huinamisha upesi, kwani basi laweza kumrudishia. Kisha mtazame anapokutana na mama aliyebeba mzigo kando ya lami, akikinga macho kwa kiganja. Huyo hana taa ya kulipizia. Dereva atakayeinamisha kwa ajili yake, huyo hakufundishwa na waya.