Deni la Mwenye Mtumbwi

Katika Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, jua huchelewa kuyafikia maji. Milima ya Livingstone imesimama upande wa mashariki kwa kimo kinachopita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali ziwa lenyewe liko kwenye mita 475 hivi, na asubuhi kivuli cha milima ile hutanda juu ya maji muda mrefu baada ya watu wa bondeni kuanza kuota jua. Ndani ya kivuli hicho mtumbwi wa gogo, ambao rangi yake haijitengi na rangi ya maji, na ambao mpiga kafi wake ameketi chini hata kichwa chake hakizidi mita moja kutoka usoni pa ziwa, ni kitu kigumu mno kutambulikana kwa macho ya mtu anayekuja na boti ya injini. Alasiri taabu hugeuka upande: jua huinamia magharibi na kumpiga nahodha usoni, na mwera ukivuma kutoka kusini mawimbi huuficha mtumbwi kati ya mgongo mmoja na mwingine, ukaonekana, ukapotea, ukaonekana tena mahali pasipotazamiwa. Boti inayokwenda kilomita 20 kwa saa huimaliza kilomita moja kwa dakika 3. Kayaki za plastiki wanazotumia wageni, ingawa nyingine zina rangi ya kung'aa, huketi chini vile vile, na si mbao wala plastiki inayorudisha vema mawimbi ya rada.

Swali ninalolileta mbele ya msomaji ni hili: je, mtu aliye katika chombo kidogo ana faradhi ya kuonekana, au kuonekana ni hiari yake, jambo la busara tu, ambalo akiliacha hamdhulumu mtu ila nafsi yake? Wako watakaosema kwamba roho ni ya mwenyewe, na anayetoka gizani bila taa amejihatarisha yeye. Wako na wengine, wacha Mungu, watakaotoa jawabu lenye heshima zaidi, kwamba Mwenyezi Mungu hafichikiwi na kitu, na ambaye Mola wake anamwona hana haja ya kuonwa na waja.

Jawabu la pili nalistahi, lakini naona limeweka tegemeo mahali pasipo pake. Hakuna aliyetilia shaka kuona kwa Mungu. Taa haikuwashwa kwa ajili Yake. Imewashwa kwa ajili ya nahodha, kiumbe ambaye macho yake huchoka, ambaye husinzia karibu na mapambazuko, ambaye maji yakimrushia mwanga usoni hupofuka kwa nukta kadha, na kumnyima kiumbe kile ambacho udhaifu wake unakihitaji kwa hoja kwamba Muumba hakihitaji ni kuchanganya mahakama mbili. Waislamu wanaikumbuka habari ya mtu aliyemwuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu, naye akaamriwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Lakini ngamia yule alikuwa mali ya mwenyewe, na angepotea, hasara ingekuwa yake peke yake. Mtumbwi usio na taa hauishii katika hasara ya mwenyewe, na hapo ndipo neno hili linapozidi uzito.

Kabla ya kufika huko yafaa kuondoa kizuizi kimoja, kwa sababu dini zimetufundisha vilevile kujificha. Riya imehesabiwa miongoni mwa shirki iliyo ndogo. Injili ya Mathayo inamwamuru mwenye kusali aingie chumbani na kufunga mlango, na mwenye kutoa sadaka asitangaze. Injili hiyo hiyo, katika sura iliyotangulia, inakataza taa kufunikwa kwa pishi. Msomaji wa haraka aweza kudhani kwamba maneno haya yanapigana, lakini tofauti yake ni nyepesi kwa anayeyapima kwa nia: mwenye riya hutaka jicho la mwenzake limtumikie yeye, limpe sifa na cheo, na mwenye taa hutaka jicho hilo limtumikie mwenye jicho mwenyewe, lipate kumwongoza katika njia isiyo na damu. Mvuvi anayevaa fulana ya rangi ya chungwa na kupaka makafi yake rangi nyeupe, ili kila kafi linapopanda kutoka majini limetemete mbali, hatafuti kutazamwa kwa uzuri wake. Huo ni ukarimu, na ukarimu wa namna hii hautiwi doa na kuonekana kwake, kwa kuwa kuonekana ndio wenyewe.

Sasa na tumtazame nahodha. Tuseme usiku hauna mwezi, boti inakwenda kwa kiasi, mwangalizi yuko omo, na hata hivyo chombo kinapanda juu ya mtumbwi ambao hakuna aliyeuona, na mtu anakufa. Nahodha yule hakuwa na chuki wala kiburi. Je, anarudi kwake akiwa kama alivyotoka? Sura ya An-Nisaa haisemi hivyo. Aliyemwua muumini kwa kukosea ameamriwa kuacha huru mtumwa aliyeamini na kuwapa jamaa wa maiti diya, isipokuwa wakisamehe, na asiyepata la kufanya afunge miezi miwili mfululizo iwe toba yake. Torati nayo inamtaja mtu aliyekwenda mwituni na jirani yake kukata kuni, shoka likachomoka katika mpini na kumwua jirani. Mtu huyo hakuhukumiwa kama mwuaji, lakini alilazimika kukimbilia mmojawapo wa miji sita ya makimbilio, na kukaa humo mpaka kufa kwa kuhani mkuu. Sheria hizi mbili zilijua jambo ambalo watu wengi wenye hisani hulisahau wanapomfariji aliyeua bila kukusudia, kwamba kutokuwa na hatia hakumwondolei mtu mzigo. Atauona uso ule usingizini. Atapita kijiji kile kwa kichwa kilichoinama, na watoto waliofiwa watakuwa na haki ya kumtazama.

Ndiyo maana nasema kwamba mwenye kwenda gizani bila taa, hali ana uwezo wa kuwa nayo, humwandalia mwenzake kosa zito ambalo mwenzake hakulitaka, na kufanya hivyo ni dhuluma hata kama anayedhulumiwa ndiye mwenye chombo kikubwa na injini yenye nguvu. Tumezoea kufikiri kwamba haki hutiririka upande mmoja, kutoka kwa mwenye nguvu kwenda kwa mnyonge. Lakini mnyonge naye anadaiwa, na katika deni lake mna heshima, kwa maana asiyedaiwa kitu na mtu yeyote huwa hahesabiwi kuwa mtu kamili.

Najua patakuwa na mwenye kuniambia kwamba namlaumu aliyekufa ili kumpumzisha aliyeua. Hasha. Mapatano ya mataifa ya kuzuia migongano ya vyombo baharini, yaliyofanywa London mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1977, yaligawa dhima hii kwa mizani iliyo bora kuliko niwezavyo kuibuni. Kanuni ya 5 inakitaka kila chombo, wakati wote, kuwa na ulinzi wa macho na masikio. Haikusema wakati wa hatari, imesema wakati wote. Kanuni ya 25, inapofika kwa chombo cha makasia, haikidai taa za pande mbili, nyekundu kushoto na kijani kulia, ambazo maskini hawezi kuzinunua; inatosheka na kurunzi au kandili ya mwanga mweupe, iliyowekwa tayari mkononi na kuonyeshwa mapema. Mapatano hayo yaliandikwa kwa ajili ya bahari na maji yanayofikiwa na vyombo vya baharini, na Nyasa imetengwa na bahari kwa maporomoko ya Mto Shire, yale yale yaliyokizuia chombo cha David Livingstone mwaka 1859 hata akalifikia ziwa kwa miguu. Lakini hekima iliyomo yafaa kwa kila maji. Meli ya MV Mbeya II, inayochukua abiria 200, inadaiwa ulinzi; mtumbwi unadaiwa mwanga mmoja mweupe. Wingi wa deni umekwenda pamoja na wingi wa uwezo, ila hakuna aliyesamehewa lote.

Tena mwanga huo una adabu zake. Katika usiku wa giza, wavuvi wa usipa huwasha taa zao kuwavuta samaki, zamani karabai na siku hizi taa za betri, na ziwa huwa na nuru nyingi hata mgeni akadhani kwamba hapo hapana hatari. Kumbe mtumbwi usio na taa, ukipita nyuma ya mwanga ule, ndio unaopotea zaidi, kwa sababu jicho lililozoea nuru halioni kilicho kando yake. Taa ya kuonekana yapasa iinuliwe juu ya vichwa, isifunikwe na mwili wa mpiga kafi, wala isielekezwe machoni mwa anayekuja. Filimbi itundikwe shingoni, kwa maana ukungu hauzuii sauti kama uzuiavyo mwanga.

Kuna watu ambao deni lao ni la wengine. Kina mama wa Kikisi wa Ikombe, wanaoleta vyungu vyao kwa mitumbwi mpaka soko la Jumamosi la Lyulilo, huketi katikati ya mali yao wakimwachia mshika kafi kila kitu. Hakuna aliyewauliza kama wataka kuonekana. Hali kadhalika mgeni anayekodishwa kayaki na mtu wa hoteli, asiyejua mwera huanza saa ngapi wala boti hupita wapi. Kumbukumbu la Torati linamwamuru ajengaye nyumba atie ukingo darini, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Mwenye kukodisha chombo ni mjenzi wa namna hiyo, na bendera ndefu, fulana ya kung'aa na filimbi ndio ukingo wake. Akivitoza bei ya ziada, kama kwamba ni anasa, amekosea sana.

Tukiliacha Ziwa Nyasa na kwenda Iringa, shauri hili lina sura nyingine, nayo ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Maji ya Ruaha Mkuu, yaliyoanza safari yao katika nyanda za juu na kupita Usangu, hukusanyika katika Bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, kwa ajili ya mitambo ya megawati 80. Na humo, kati ya miti mikavu iliyozamishwa na viboko wasiojali taa ya mtu, yuko mvuvi anayezima kurunzi yake makusudi kwa kuwa nyavu zake zina matundu madogo kuliko yanayoruhusiwa. Huyu hajasahau kuonekana, anaogopa kuonekana. Deni lake kwa wenzake wa majini halikufutika kwa hofu hiyo, wala njaa ya nyumbani kwake haimpi ruhusa ya kumfanya mvuvi mwingine kuwa mwuaji. Lakini sheria ikiwa inawafukuza watu mpaka gizani bila kuwapa nyavu halali wanazoweza kuzilipia kidogo kidogo, nayo imeshiriki katika giza lile. Na doria inayomwinda mvuvi huyo kwa boti ya kasi, ikiwa imezima taa zake yenyewe ili imkamate, inadaiwa deni lile lile, kwa kipimo cha injini yake.