Jina la Kuazima

Kiswahili kina vitenzi viwili kwa tendo hili moja. Cha kwanza ni kusajili, kilichotujia na sijill ya Waarabu, yaani daftari la kumbukumbu na hukumu. Cha pili ni kuandikisha, nacho ni chetu tangu shina hadi kiishio: kumfanya mwengine aandike. Mwenye kuandikisha hashiki kalamu. Husimama mbele ya meza, akasema, na karani akalisadiki neno lake na kulitia wino. Hapo ndipo lilipo suala ninalotaka kulizungumza. Mtu akiandikisha kitu chake pahala ambapo kitu hicho hakikai, kwa sababu tu huko ni nafuu, je, amesema uongo? Na aliyemwazima jina lake ili aandikishe, yeye amesema nini?

Silizungumzi kwa kuwa ni mjuzi wa sheria. Skuli niliiacha mapema, na kidogo nilichonacho nimekiokota vitabuni. Nalizungumza kwa kuwa nimewahi kulitenda.

Mwaka 2009 mtoto wa dada yangu alikuwa akiishi Mzumbe. Ukitoka Morogoro kwa njia ya Iringa unalipita bwawa la Mindu, kisha pale Sangasanga unaiacha barabara kuu na kuielekea milima ya Uluguru, na Mzumbe ndiyo hiyo miguuni pake. Ni pahala pa chuo. Tangu mwaka 1953, ilipofunguliwa hapo skuli ya mafunzo ya serikali za mitaa, kisha Chuo cha Uongozi wa Maendeleo cha mwaka 1972, kisha Chuo Kikuu cha Mzumbe kilichotungiwa sheria mwaka 2001, vizazi vya watu vimefunzwa hapo namna ya kuendesha ofisi, kuweka madaftari na kukusanya mapato. Mpwa wangu hakuwa wa chuoni. Alikuwa na kiduka cha kutolea fotokopi, akiishi kwa karatasi za wanafunzi.

Alitaka gari la matembezi. Si la biashara, alilisisitiza hilo. Alitaka Noah iliyotumika, aondoe viti vya nyuma, atandike godoro, siku za mapumziko awapeleke watoto Mikumi wakaone tembo, na Disemba awalete pwani. Nami nilipenda alivyolisema. Katika ukoo wetu hapakuwa na mtu aliyewahi kununua gari ili atembee tu.

Walakini gari lile lilikuwa Unguja, na hesabu yake ilikuwa nyepesi likisajiliwa Unguja. Msomaji wa visiwani hahitaji kufunzwa jambo hili. Ushuru wa forodha ni jambo la Muungano. Usajili wa vyombo vya moto si la Muungano, na kodi ya ongezeko la thamani kila upande una sheria yake. Ndiyo maana vibao vya gari zetu huanza na Z na vya Bara huanza na T, na ndiyo maana gari la Z likivushwa kwenda kukaa ng'ambo lilidaiwa tofauti ya kodi. Likienda kutembea tu, lilipewa kibali cha muda.

"Mjomba," aliniambia, "wewe una kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Mimi sina tena pa kukipatia." Kitambulisho hicho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, na neno lenye uzito ndani yake ni hilo la mwisho, mkaazi. Mimi nilikuwa mkaazi. Gari halikuwa. Nilikwenda, nikasimama mbele ya meza, nikaandikisha. Meli ikalivusha, kibali kikatolewa, muda wa kibali ukaisha, na gari likabaki Mzumbe chini ya mwembe, na Z yake mbele na nyuma.

Sikulala vibaya. Hoja za mpwa wangu zilikuwa na nguvu, na sitazipunguza hapa ili nishinde kwa urahisi. Alisema nchi ni moja tangu tarehe 26 Aprili 1964, na mtu hawezi kumwibia baba kwa kuweka fedha katika mfuko wake wa kushoto badala ya wa kulia. Alisema kodi amelipa, na kisiwa kimeipata, kisiwa ambacho mjomba wake hulalamika kila siku kwamba hakipati. Akasema watu wa Unguja na Pemba wamelia miaka mingi juu ya kudaiwa tena bandarini Dar es Salaam. Hilo ni kweli. Usajili wa vyombo vya moto ulikuwamo katika orodha ya zile zinazoitwa kero za Muungano, ambazo Serikali mbili ziliundiana kamati ya kuzijadili mwaka 2006. Mimi ni mtu wa kisiwani, na hoja hiyo ya tatu ilinigusa pahala laini.

Na pwani yetu haikuanza jana kuazima majina. Karne ya 19 manahodha wa Sur, Oman, waliokuwa wakija kwetu na kaskazi na kurudi na kusi, walikuwa wakichukua hati za Kifaransa na kupandisha bendera ya Ufaransa. Hawakuwa Wafaransa. Ila manowari za Uingereza zilizokuwa zikiwinda majahazi ya watumwa hazikuwa na ruhusa ya kupekua chombo chenye bendera ile. Wapo waliobeba tende na mikoko tu chini yake. Wapo waliobeba watu. Uingereza na Ufaransa wakafikishana katika Mahakama ya Usuluhishi ya The Hague, na hukumu ikatoka tarehe 8 Agosti 1905. Nimeisoma mara nyingi, kwa kuwa kazi ya mfasiri ni kusoma mara nyingi. Mahakama ilisema kwamba baada ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa haikuwa na haki ya kugawa bendera yake kwa raia wa Sultani, isipokuwa wale waliokuwa chini ya hifadhi yake kabla ya mwaka 1863. Ikasema ruhusa ile ni ya mtu mwenyewe, haihamishwi kwa mtu mwengine wala kwa jahazi jengine. Kisha ikasema jambo linalonishughulisha zaidi: jahazi lenye haki ya bendera ile halitaguswa katika maji ya Maskati, lakini mwenye jahazi na mabaharia wake hawatoki katika mamlaka ya Sultani wao. Chombo kikapewa bendera, mtu akarudishwa kwao.

Mwaka 2012 tuliyaona tena, safari hii sisi ndio tuliokuwa wenye bendera. Ilidhihirika kwamba meli za mafuta za Iran zilikuwa baharini na bendera ya Tanzania, zimeandikishwa kwa jina la Zanzibar kupitia wakala aliyekaa Dubai, wakati Iran ikiwa chini ya vikwazo. Zikafutwa katika daftari. Na huko Marekani wapo wenye magari makubwa ya matembezi, yenye vitanda na jiko ndani, ambao huunda kampuni ya karatasi katika jimbo la Montana lisilo na kodi ya mauzo, gari likawa la kampuni, na wao wakabaki kwao. Lakini huko huko wapo wastaafu waliouza nyumba zao, wakaishi ndani ya gari mwaka mzima. Jimbo la South Dakota huwapokea kama wakaazi kwa kulala usiku mmoja tu. Hao siwalaumu hata kidogo. Dola humtaka kila mtu awe na pahala, nao hawana, basi wamechagua pamoja. Mpwa wangu alikuwa na pahala, na mwembe wake.

Usiku mmoja wa mwaka 2010 aliporudi kutoka mjini, karibu na Sangasanga, alimgonga mwenye baiskeli aliyekuwa akiteremka na kabichi za Mgeta. Mguu ulivunjika. Mpwa wangu hakukimbia. Na hilo liandikwe. Alimpakia juu ya lile godoro la watoto, akampeleka hospitali mjini. Polisi walipotazama kadi ya gari wakaona jina langu, na asubuhi simu yangu ikalia Unguja. Sauti ya askari ilikuwa ya adabu. Aliniuliza swali moja: wewe ndiye mwenye gari?

Katika kuishi kwangu na maneno sijapata kukwama kama nilivyokwama pale. Nikisema ndiye, nimedanganya. Nikisema siye, nimekiri kwamba nilidanganya tangu mwanzo. Nilisema ninakuja.

Nilipanda boti ya asubuhi, kisha basi pale Ubungo, na muda wote wa safari nilikuwa nikifikiri juu ya kodi, kwa kuwa nilidhani kosa langu lilikuwa la kodi. Ile bima nilikuwa nimeikata mimi, na katika fomu nilikuwa nimejaza kwamba gari litatumika Unguja. Wenye bima waliposikia habari ya Morogoro waliuliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake. Kwa hiyo yule aliyelala na mguu wake juu, ambaye hakupata kuniona, ndiye niliyemdhulumu kwa wino wangu. Serikali yoyote kati ya hizo mbili ingevumilia. Barabara ya Mzumbe nayo ingevumilia. Yeye alikuwa na mguu mmoja mzima na kabichi zilizooza.

Alikuwa mzee wa Kiluguru, mkimya. Alipoona nimesimama kitandani pake na kofia yangu ya viua aliuliza mimi ni nani katika jambo hili, maana kijana amesema gari ni lake na askari wamesema si lake. Nikamwambia mimi ni mjomba wake. Akacheka, na mguu ulimuuma alipocheka.

"Basi ndiye wewe," alisema. "Ningekutafuta hata bila karatasi."

Baadaye ndipo nilipoelezwa. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mamaye. Ardhi hupita huko na jina la ukoo hupita huko, na mjomba ndiye mtu wa kuulizwa. Yule mzee hakuona ajabu yoyote katika kadi ile. Mpwa ana gari, mjomba ana jina. Karatasi niliyoiandikisha kwa hila ilikuwa, kwa sheria ya milima ile, kweli tupu.

Ningependa kujificha chini ya kicheko chake, lakini nisingekuwa mkweli. Yeye alikuwa na mjomba kichwani mwake, mtu wa kujibu. Mimi jina nililitoa kwa sharti kwamba lisiitwe. Hapo ndipo ninapoutofautisha uongo na nafuu. Kibao cha namba ni ahadi kwa mtu usiyemjua kwamba ukimkanyaga atakukuta. Kodi iko nyuma ya ahadi hiyo. Na malalamiko ya kisiwa chetu, ambayo bado ninayaamini, hayakubebwa hata hatua moja na Noah ile, kwa kuwa anayelalamika husimama kwa jina lake. Sisi tulikuwa tumekaa kimya chini ya jina langu.

Tulimlipa mzee yule kutoka mifukoni mwetu, kwa awamu, na tofauti ya kodi ikalipwa. Nilishikilia kadi ihamishwe na kibao kiwe cha T, na fedha hizo zilikula karo ya muhula mzima ya mtoto wake wa kwanza. Mpwa wangu hakunipigia simu zaidi ya mwaka. Dada yangu, ambaye ndiye mama wa ukoo ikiwa tutafuata hesabu ya Kiluguru, hadi leo husema kwamba miaka yote niliyokaa na vitabu nimejifunza kila kitu isipokuwa kusitiri. Stara kwetu ni jambo kubwa, naye halitumii neno hilo ovyo. Kila Idi hunipa kahawa, hunitazama, na mimi hunywa.