KITOVU CHETU NI CHA NANI?



Sisi tuliokimbilia Kampala na kupanga hapa Nakivubo tulikuja na desturi yetu: mtoto akizaliwa, kitovu na kondo la nyuma huzikwa. Kilipozikwa kitovu, ndipo kwenu. Je, ni halali damu iliyomo kupewa mtoto mwingine?

Mwaka 1988, huko Paris, madaktari walimtibu mvulana mwenye ugonjwa wa damu kwa damu ya kitovu cha mdogo wake, naye akapona. Tangu hapo watoto wengi wenye saratani ya damu wametibiwa hivyo. Mtoto mchanga haumii, maana kitovu kimekwisha kukatwa.

Tunaona ni halali, mradi mama aulizwe kwanza na damu isiuzwe. Damu ikishatolewa, kitovu bado chaweza kuzikwa. Sisi tulioacha udongo wa vitovu vyetu tunajua: aliyeokolewa kwa damu yako ni ndugu, na penye ndugu ni kwenu.

Tuanze na tunaloliweza. Watoto wenye saratani walioko Mulago huhitaji kuongezewa damu, na benki ya damu iko Nakasero, si mbali nasi. Twendeni tukatoe.

Mungu atubariki.