Je, jina lina hatia?

Wakatekumeni wapendwa,

Siku ya ubatizo ikikaribia, kila mmoja huchagua jina. Wengi hutaka Petro, Maria au Yozefu. Ni nani atakaye kuitwa Yuda? Vijijini nako, mtoto aliyepewa jina la babu mwizi hutazamwa kwa shaka, akikosa kidogo, watu husema, “Somo wake ameamka.” Basi tuulize: je, jina laweza kuchukua dhambi ya mtu mmoja na kumtwika mwingine?

Tutazame Maandiko Matakatifu. Lea alipozaa mwana wa nne alimwita Yuda, maana alitaka kumsifu Mungu. Yuda huyo ndiye aliyewashauri nduguze wamwuze Yozefu, naye akauzwa kwa vipande 20 vya fedha. Lakini miaka ilipopita, huko Misri, Benyamini alipokuwa karibu kutiwa utumwani, Yuda yule yule alijitoa awe mtumwa mahali pake, ili baba yao asife kwa huzuni. Jina lake halikubadilika. Moyo wake ndio uliobadilika.

Kisha akatokea Yuda Makabeo. Mwaka 164 kabla ya Kristo alilitakasa Hekalu la Yerusalemu, lililotiwa unajisi na mfalme Antioko. Mwaka 160 akafa vitani kwa ajili ya taifa lake.

Kati ya Mitume 12 walikuwamo Yuda wawili. Walimfuata Bwana mmoja, wakasikia mafundisho yale yale, wakala meza moja. Iskariote alimtoa Bwana wake kwa vipande 30 vya fedha. Yuda Tadeo alibaki Mtume wake. Yohane Mwinjili, anapoandika swali ambalo Tadeo alimwuliza Yezu, huongeza mara moja kwamba huyu siye Iskariote. Kumbe, hata mtu mwema hupata taabu jina lake likiharibiwa na mwingine! Hata hivyo, Paulo alipopofuka katika njia ya Damasko, nyumba iliyompokea ilikuwa ya mtu aitwaye Yuda.

Labda mmoja wenu atasema: “Kama jina halitii ubaya, basi halitii wema pia. Ya nini kuchukua jina la mtakatifu?” Swali hilo ni la haki. Ni kweli, jina halimgeuzi mtu kama dawa. Lakini kila tuitwapo, twakumbushwa mtu aliyetutangulia njiani. Kutembea ni kazi yetu wenyewe.

Isidoro wa Sevilla alikuwa askofu mwenye elimu kubwa, akafa mwaka 636. Isidoro wa Madrid alikuwa mkulima katika shamba la bwana mwingine. Isidoro Bakanja, kijana wa Kongo, alikuwa msaidizi wa waashi. Alibatizwa mwaka 1906 katika mji uitwao leo Mbandaka. Mwaka 1909 alipigwa mijeledi hata vidonda vikamwua, kwa kuwa alikataa kuvua skapulari yake. Naye akamsamehe aliyempiga. Msamaha ule haukutoka katika jina alilopewa. Yeye ndiye aliyeliongezea jina hilo heshima, na mwaka 1994 Kanisa likamtangaza Mwenye Heri.

Basi jina ni kama jembe la urithi. Marehemu aliweza kulimia kwalo, aliweza pia kumpiga jirani. Jembe halina hatia, wala halilimi peke yake. Arithiye ndiye achaguaye, na kila asubuhi huchagua tena.

Kwa hiyo, msimhukumu mtoto kwa ajili ya somo wake. Mtoto aitwaye mwizi kila siku, kabla hajaiba, anafundishwa wizi na wale wanaomwogopa. Na hiyo ni dhambi yao, si ya babu. Nanyi mtakaopewa jina la mtakatifu, msilale juu yake kama juu ya mkeka. Wahenga walisema: Jina jema hung'ara gizani. Nasi tujue kwamba taa haiwaki bila mtu kuitia mafuta.