Mwana-sheria na Jirani wa Meza ya Pili



Padre ameniomba niandike maneno machache juu ya habari ya Msamaria mwema, katika Injili ya Luka, sura ya 10. Nadhani amenichagua kwa sababu ya kazi yangu. Mimi ni wakili, na mtu aliyeianzisha habari ile kwa swali lake alikuwa mwana-sheria. Wahubiri wengi humsema vibaya mtu huyu. Ni kweli, Luka anasema kwamba alisimama ili amjaribu Bwana. Lakini litazameni swali lenyewe: alitaka kujua afanye nini apate kuurithi uzima wa milele. Wengi wetu tunafika uzeeni bila kuuliza hivyo. Twauliza mshahara utaongezwa lini, nyumba itaezekwa kwa nini, mtoto atapata nafasi katika shule ipi. Lakini nimewekwa duniani kwa kazi gani? Hilo twaliacha liwe la mapadre.

Bwana hakumpa kazi kubwa. Alimpa barabara ya kwenda Yeriko, mtu aliyepigwa, mafuta na divai, mnyama wa kumpandisha, na dinari mbili. Wala hatusomi po pote kwamba yule majeruhi alimshukuru Msamaria. Kesho yake Msamaria alilipa, akaagiza, akashika njia yake. Labda mgonjwa alikuwa bado amelala.

Jirani wa wakili ni nani basi? Sisi hujibu upesi: ni maskini mwenye kesi asiye na fedha. Jibu hilo ni jema, wala silipunguzi. Lakini yuko aliye karibu zaidi, yule wa meza ya pili: karani, mpiga chapa, tarishi, kijana ajifunzaye kazi.

Nelson Mandela, katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa mwaka 1994, asimulia alivyoanza kazi mjini Johannesburg mwanzoni mwa miaka ya 1940. Walter Sisulu alimpeleka kwa wakili Lazar Sidelsky, Myahudi, ambaye alimpokea wakati ambapo ofisi nyingi za Wazungu zisingalimkubali Mwafrika. Sidelsky alimpa suti yake kuukuu, naye Mandela akaivaa karibu kila siku kwa miaka mitano, hata viraka vikazidi kitambaa. Mle ofisini alikuwamo pia Mwafrika mwingine, Gaur Radebe, aliyemzidi umri kwa miaka kama kumi. Hakuwa na shahada, lakini Mandela alimwona kuwa mjuzi kuliko yeye.

Siku ya kwanza Mandela aliambiwa kwamba hapo hakuna ubaguzi, na kwamba wamenunuliwa vikombe vipya viwili, kimoja chake na kimoja cha Gaur. Nawaomba mfikiri jambo hili. Aliyevinunua hakuwa na chuki, huenda alijiona ametenda wema. Lakini kumtengea mwenzako kikombe kuna maana yake, hata kikiwa kipya. Gaur alipofika mezani aliviacha vile vipya, akachukua kikombe cha zamani kama wengine, akajimiminia chai. Mandela hakutaka kuwaudhi wale waandishi, wala hakutaka kumwacha Gaur peke yake. Akasema hana kiu. Tangu hapo akawa anakunywa chai yake jikoni, peke yake.

Lakini jambo linalonigusa zaidi lilikuja baadaye. Mandela alitaka kuandikishwa rasmi kuwa mwanafunzi wa uwakili chini ya Sidelsky, maana bila hivyo mtu hawezi kuwa wakili. Gaur akaona kwamba madhali yeye yumo, ofisi ile haitamwandikisha kijana. Akaacha kazi. Alimweleza mwenzake sababu kwa maneno machache, akaenda kuanzisha shughuli yake ya viwanja na nyumba. Haukupita muda mrefu, Mandela akaandikishwa. Gaur alikuwa amekuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, wala simfanyi mtakatifu. Msamaria naye hakuwa mtu wa hekalu la Yerusalemu.

Mwaka 1952 Mandela alifungua ofisi pamoja na Oliver Tambo, Mwanglikana kama sisi. Tambo alitaka kuwa padre, na shauri lake lilikuwa limefika mbele ya Askofu wake, lakini mwisho wa mwaka 1956 alikamatwa kwa shtaka la uhaini. Hakupata kuwekewa mikono. Rafiki yake, Padre Trevor Huddleston, ndiye aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu 1960 hata 1968. Nani atasema kwamba Tambo alikosa wito wake?

Neno moja kwa wenzangu wa kazi hii, maana wema kwetu una mpaka. Wakili mwenzangu akifiwa, naweza kusimama badala yake mbele ya hakimu kuomba kesi iahirishwe. Kijana akiwa hajui siku za rufaa zinahesabiwaje, naweza kufunga mlango nimweleze, asiaibishwe mbele ya karani wake. Gharama yake ni saa yangu moja. Lakini siwezi kulegeza kesi ya mteja wangu ili kumfurahisha rafiki. Hapo ningekuwa nalipa kwa fedha ya mtu mwingine, na zile dinari mbili zilitoka katika mfuko wa Msamaria mwenyewe. Watu wa hospitali na wa shule mtajua mpaka wenu uko wapi.

Mtume Paulo, anapomaliza waraka wake kwa Tito, anamtaja mwana-sheria mmoja, Zena. Anaagiza asafirishwe pamoja na Apolo, wala wasipungukiwe kitu. Juu ya Zena hatujui zaidi ya hayo. Hatujui alikuwa anakwenda wapi, wala kama aliwahi kushinda kesi. Tito naye, nadhani, alikwenda kuwatafutia mikate, viatu na nauli ya chombo.